Chumba cha Wageni wa Heshima

Asubuhi ya Alhamisi ile, Chamsia, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta kule Ntsoudjini, aliamka akiimba. Nyumba aliyomjengea bintiye Naïma ilikuwa tayari, kitanda kimetandikwa, na wanawake wa mtaa walikuwa uani wakipepeta mchele wa harusi kubwa. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Huja na joho lake lililotariziwa dhahabu, akapokelewa kwa vigelegele, akaingia kwa mguu wa kulia. Akishaingia ameoa, wala hatoki mpaka siku za harusi ziishe. Chamsia alijinyima maisha yake yote kwa ajili ya mguu huo mmoja.

Bwana harusi, Mikidache, mwana wa Ikoni, alikuwa akifanya kazi bandarini Mutsamudu, kisiwa cha jirani. Ukipanda ndege kule, unafika Moroni kabla hujapata usingizi. Alitakiwa kufika asubuhi hiyo. Hakufika. Ndege ilikuwa imechukuliwa na askari weupe wa sare nyeusi, wale waliotujia na bunduki mwaka wa sabini na nane wakajifanya wenye nyumba. Waliipeleka wapi? Nani angethubutu kuwauliza!

Chamsia akashinda uwanja wa ndege. Ukumbi ulikuwa umepanuliwa kwa ajili ya watalii wa hoteli za ufukweni. Marumaru chini, vioo pande zote, mkanda wa mizigo uliokwama wiki ileile uliyozinduliwa, na vyoo vyenye mabomba yanayong'aa bila tone la maji. Watalii walikaa kwenye viti vya rangi ya chungwa wakipepewa na feni. Wenyeji walisubiri nje, juu ya mawe meusi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mgeni alikuja kweli, na mwenyeji akaunguzwa jua.

"Inakuja lini?" alimwuliza karani.

"Inshallah, mama."

"Inshallah ya leo au ya mwakani?"

Karani akafunga dirisha.

Ijumaa ikawa vilevile. Swala ikapita. Ntsoudjini mbuzi walikuwa wameshachinjwa, ngoma zinalia, na watu wa Ikoni wameshafika kwa msafara wa bwana harusi asiyekuwepo. Kaka yake Chamsia, Mzé, alikaa kwenye gari nje ya ukumbi akiwa na joho la Mikidache mapajani, akilifukuzia nzi. Wanawake wa chama waliokuja kumpokea walikuwa wamenyamaza, na Chamsia alijua maana ya kimya kile. Harusi ikilala, familia itasemwa mpaka kwa vitukuu. Alikuwa na hasira hata mate yalimkauka.

Alasiri ndege ikatua. Mikidache akatoka na shati lililokunjamana, macho mekundu.

"Kwezi, Ma," alimwamkia mkwewe kwa adabu. "Nisamehe. Nimelala kwenye benchi kule Mutsamudu."

"Mbona, mwanangu," aliitikia salamu. "Utajieleza kesho. Sasa vaa."

"Nivalie wapi?"

Chamsia akatazama huku na huku. Kando ya ukumbi palikuwa na chumba cha wageni wa heshima, kitupu, mlango wake wa mbao za kuchonga. Funguo alikuwa nazo Moinaecha, mwanamke anayefagia ukumbi. Moinaecha akamvuta Chamsia pembeni.

"Si humo, Ma Chamsia," alinong'ona. "Mvisheni garini."

Chamsia alijua anachosemea, maana habari ile ilijulikana mpaka Moroni. Pale paliposimama ukumbi palikuwa na nyumba. Bi Bahia aliijenga kwenye shamba la mama zake kwa ajili ya bintiye Nouriat. Binti akafa kwa homa, hina ikiwa mikononi, bwana harusi akitarajiwa keshoye. Uwanja ulipotaka kupanuliwa, Bahia alikataa. Nyumba hii inamngoja mwanamume, alisema, na haijaingiwa. Lakini nduguye Sounhadj alitishwa na askari mmoja mweupe, akaitoa nyumba isiyo yake. Maana shamba la namna hiyo ni la wanawake, huenda kwa mama na binti, na kaka ndani yake ni mgeni tu. Katapila likavunja kila kitu ila ukuta mmoja wenye mlango. Wajenzi waliona ni imara, wakauingiza kwenye ukumbi wao. Bahia hakumaliza mwaka.

Yote hayo Chamsia aliyajua. Siku nyingine angesoma dua akaenda zake. Lakini siku mbili za jua zilikuwa zimemmaliza.

"Watalii wanakaa humo hawadhuriki," alisema.

"Hawaingii kwa joho."

"Fungua, Moinaecha!"

Mlango ukafunguliwa. Mikidache akavishwa pale pale kizingitini, kwa haraka, ikabaki kufunga kilemba tu, ndani penye kioo. Wanawake, kwa furaha ya kuona joho hatimaye, wakapiga vigelegele. Mmoja akaanzisha wimbo wa kumpokea bwana harusi. Chamsia mwenyewe akamnyunyizia marashi.

Mikidache akainua mguu wa kulia, akaingia.

Mlango ukajifunga.

Feni za ukumbi zikasimama. Umeme umekatika tena, watu wakaguna. Wanawake waliendelea kuimba kidogo, kisha wimbo ukawafia mdomoni, mmoja baada ya mwingine.

Ndani ya chumba, wimbo uliendelea.

Sauti za wanawake. Nyingi. Zikiitikia taratibu.

"Nani yuko humo?" Chamsia alimwuliza Moinaecha.

Moinaecha alikuwa amejifunika uso kwa leso.

Mzé akaja mbio, akausukuma mlango kwa bega. Haukutikisika. Akagonga. Wimbo ukakoma. Kisha mlango ukafunguka wenyewe, polepole, na Mikidache akatoka. Kilemba chake kilikuwa kimefungwa vizuri mno, kwa mtindo wa zamani ambao vijana hawaujui.

"Nani amekufunga kilemba?" Chamsia aliuliza.

"Mama mkwe."

"Mama mkwe wako ni mimi. Na mimi nilikuwa nje."

Mikidache alimtazama kwa huruma, akaingia garini.

Njia nzima Chamsia alisema peke yake. Aliwalaani askari, akalaani ndege, akalaani vyoo, akasema chochote asipate kukitazama kilemba kile. Ntsoudjini wakapokelewa kwa ngoma. Uwanja wa mtaa umejaa. Naïma alikuwa ndani, amefunikwa shela, akisubiri.

Mikidache akafika mlangoni. Akainua mguu wa kulia.

Mguu haukushuka.

Ngoma zikapiga. Zikapiga tena. Zikalegea.

"Ingia, mwanangu," Chamsia alinong'ona. "Nakuomba. Watu wanatazama."

"Siwezi, Ma."

"Kwa nini?"

"Nimeshaingia." Aliinama akambusu mkono, na midomo yake ilikuwa ya baridi. "Nimeruhusiwa kuja kuaga tu."

Akageuka. Watu wakampisha, sijui kwa nini, hata wajomba zake wakampisha. Akashika njia ya kaskazini, taratibu, joho likimeremeta juani. Mzé na vijana wakamfuata. Kwenye kona ya barabara alikuwepo. Baada ya kona hakuwepo. Mzé alikwenda mpaka uwanja wa ndege. Chumba cha wageni wa heshima kilikuwa kimefungwa, na ufunguo wa Moinaecha ulizunguka bure kwenye kitasa.

Naïma alivua shela mwenyewe. Hakulia. Alimwuliza mama yake swali moja: "Ulishindwa kungoja kufika nyumbani?" Chamsia hakuwa hata na machozi, hasira ilikuwa imekausha kila kitu. Wali wa harusi ulilala kwenye masufuria, hakuna aliyeugusa.

Kulipokucha, Chamsia na Mzé walikwenda Ikoni. Mama yake Mikidache, Zaitoun, alikuwa mgonjwa wa miguu, hakuja harusini, na jamaa zake hawakuwa na moyo wa kumwambia. Chamsia aliona ni wajibu wake kumwambia.

Walimkuta Zaitoun amekaa kitandani, uso umemchangamka.

"Ahsante, Ma Chamsia!" alisema kabla hawajaketi. "Sinia lenu limefika tangu alfajiri."

Asubuhi ya kwanza nyumba ya bibi harusi hupeleka sinia la chakula kwa mama wa bwana harusi, ajue mwanawe amepokelewa. Chamsia hakuwa amepeleka kitu. Lakini sinia lilikuwepo, la shaba, kubwa, wali ukifuka moshi.

"Nani amelileta?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mwanamke mtu mzima. Hakutaka hata kuketi. Kasema mwanangu ni mwema, nisimsumbue, na kwamba siku za nyumba ile ni ndefu kidogo." Zaitoun akamsogezea sinia. "Kula basi, wali wa kwenu huu."

Sinia lile liko Ikoni mpaka leo, hakuna aliyekuja kulidai. Zaitoun alikuwa akiliosha na kulifunika kila jioni, na kila asubuhi akilifunua alikuta punje za wali, bado za moto. Sasa ameacha kulifunua.