Kilicholala Kifuani mwa Bi Tuba

Uvundo ulianza Jumatatu asubuhi, ndani ya chumba cha mashine ya CT, ile inayopiga picha za mapafu. Kwa kuwa wagonjwa ishirini walikuwa wameshalala humo wakikohoa tangu alfajiri, Ardalan, mpiga picha wa zamu, hakuushangaa. Alichukua dawa akapangusa kitanda, akapangusa tundu la mashine, akapangusa hata kuta. Uvundo ukabaki pale pale: waridi lililochemshwa likaachwa lioze, na chini yake harufu ya ngozi iliyobabuka. Kashan, huko Iran, ni mji wa marashi ya waridi, na watu wake hawadanganyiki kwa harufu hiyo.

"Parvane, hunusi?"

"Mimi tangu juzi sinusi kitu," mwenzake alijibu nyuma ya kioo, barakoa mbili usoni. "Siku hizi pua ni pambo tu."

Kisha zikaja picha. Ukungu mweupe pembezoni mwa mapafu yote mawili, chini na kwa nyuma, ndiyo alama ya kirusi cha korona, walikuwa wameuzoea. Lakini sasa, Ardalan alipopitisha picha moja baada ya nyingine, ukungu wa pafu la kulia ulijikunja magoti kifuani, ukawa na kichwa kidogo na mgongo uliojaa malengelenge. Mgonjwa wa pili vivyo hivyo. Wa tatu vivyo hivyo. Daktari alimwambia akalale, macho yamemchoka.

Jumatano akaletwa Bi Tuba, mama yake mwenyewe.

"Robo ya mapafu imeshashikwa," alisema daktari.

Bi Tuba alimvuta mwanawe karibu. "Mwanangu, humu ndani kuna kitu kinanyonya," alinong'ona. "Nakisikia kikimeza."

Akakohoa, akatema kwenye kiganja cha Ardalan ute wa moto uliovikwa utando, kama ule wa juu ya maziwa yaliyochemka. Utando ule ulikuwa na vinyweleo. Ardalan alinawa mikono mara saba, na bado alihisi kinyaa kila alipoikunja.

Ijumaa picha ilionyesha nusu. "Ikizidi hapo, jiandae," daktari alisema, na hakumtazama.

Ndipo Ardalan alipompigia simu Mzee Yadollah, mpika chai wa kituo, aliyekuwa kwake anaumwa tangu Jumapili. Akamweleza yote. Mzee alikohoa kwanza.

"Nani anapika chai siku hizi?"

"Mimi, baba."

"Na maji ya moto yanayobaki kwenye samova, lile birika kubwa la chai?"

"Namwaga kwenye shimo la uani."

"Unasema Bismillahi kabla ya kumwaga?"

"Sisemi," Ardalan alikiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na haraka haraka haina baraka.

"Miaka thelathini namwaga pale," mzee alisema taratibu, "na sijamwaga tone bila kuwapisha majini, wale walio bora kuliko sisi. Umemuunguza mtoto wa watu, kijana. Mama yake anamtafutia pa kulala, penye joto na unyevu. Wenye nguvu wanamkohoa anatoka. Mama yako hana nguvu hizo."

"Nifanyeje?"

"Aliyeunguza ndiye muuguzi. Omba radhi, umpe kifua chako."

Mchana huo Ardalan alifunga mlango wa chumba cha wagonjwa, akavua barakoa, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi ndiye niliyemuunguza, nisameheni, mleteni kwangu," kisha akafungua mdomo juu ya mdomo wa mama yake, na uvundo ukampanda puani hadi machozi yakamtoka, na kitu cha moto, laini, chenye utelezi kikaanza kupita ulimini mwake, kikiacha vipande vya ngozi vimenata kwenye meno, kikasita kooni, kikajivuta kwa vidole vidogo visivyo na kucha, na yeye akawa anatapika na kumeza kwa pamoja, akimeza kwa sababu akitapika mama yake angekufa.

Bi Tuba alivuta pumzi ndefu. "Nina njaa," akasema.

Siku nne baadaye picha yake ilikuwa imeanza kuwa safi. Daktari alifurahi sana, akamwamuru Ardalan naye apimwe.

"Vuta pumzi, uishikilie," Parvane alimwambia kwa kipaza sauti. "Mapafu yakicheza, picha haifai."

Picha ikatoka imevurugika.

"Ardalan, umepumua."

"Sijapumua."

"Haya, tena. Acha mchezo."

Safari hii Ardalan alifumba mdomo na kubana pua kwa vidole viwili. Parvane alisogea karibu na kioo. Vidole havikuachia, midomo ilianza kugeuka buluu, na chini yake kifua kilikuwa kikipanda na kushuka, upesi upesi, kama cha mtoto mchanga aliyeshiba akalala.