Ubao Uliokataa Kukauka

Kosa la kwanza la ule ubao lilikuwa kukataa kukauka. Ilikuwa mwezi wa saba, kiangazi cha Kasongo, vumbi mpaka kwenye meno, na bado mchana, siku mbili mfululizo, palikuwa na dimbwi la maji chini yake katika karakana ya Zéphirin, fundi seremala. Akapanda juu ya bati kutafuta tundu. Tundu la nini, jamani, na mvua yenyewe hatujaiona tangu mwezi wa tano?

Ubao uliagizwa na Mbelgiji mmoja wa kampuni ya pamba. Kijana huyo aliona katika gazeti la kwao watu wamesimama juu ya mbao wakipanda mawimbi ya bahari, naye akataka kucheza hivyo katika mto Lualaba, kule maji yanakoruka mawe. Alitaka kipande kimoja kisicho na kiungo, kirefu kumpita mtu, chepesi cha kubeba kwapani.

Kwa kununua mbao, Zéphirin hakuwa mtu wa kuchezewa. Aligonga kwa vidole, akanusa, akanyanyua upande mmoja aone kama pamepinda. Mbao za Salamabila zilijaa mafundo, za misheni zilikuwa mbichi. Ndipo Yakubu, mvivu mmoja wa mtaa wa Waislamu, akamwita nyuma ya nyumba na kumwonyesha huu: mpana, laini, mkavu wa miaka, na tundu dogo upande mmoja. Zéphirin alilifurahia lile tundu, akaona ni pa kufungia kamba ya mguu wa mzungu. Aliuliza ni mti gani, una umri gani, nani aliuchonga. Akalipa. Hakuuliza ulikuwa unafanya kazi gani.

Jumatatu saa saba mchana, mji umejilaza kwa joto, mkewe Anastasie alisikia maji yakimiminwa karakanani. Mara tatu, kimya, mara tatu tena. Kulinuka majani mabichi yaliyopondwa. Alidhani ni mumewe anaoga. Jumanne saa ile ile maji yakamiminwa tena, safari hii bila harufu yoyote, na mumewe alikuwa amelala ubavuni pake. Hakumwamsha, kwa woga.

Jumatano binti yao Régina, wa miaka sita, hakuonekana, na Anastasie akamtafuta jikoni, akamtafuta kwa jirani, akazunguka nyumba akiita jina lake, mpaka akasukuma mlango wa karakana na kumkuta mtoto amelala chali juu ya ubao, miguu imeunganishwa, mikono imenyooshwa ubavuni, nywele zinatona maji, na kidevu kimefungwa kwa kitambaa cheupe ambacho nyumbani kwao hakikuwapo. Alikuwa anapumua, kidogo sana. Wazazi wote wawili walimvuta, hakuinuka. Na harufu nyingine ilikuwa imeingia, kali, ya kupanda puani.

Zéphirin alikimbia bila viatu kumtafuta Yakubu. Yakubu alikuwa ametoroka. Aliyekuwapo ni jirani yake, Bibi Amisa, mzee anayeosha maiti za wanawake, anapepeta mchele. Alimsikiliza, kisha akaweka ungo chini.

“Tundu iko upande wa miguu?”

“Iko, Mama.”

“Fundi, ile tundu ni ya kutoa maji. Tunaoshea watu wetu pale.”

Akamweleza upesi, kwa sauti ya chini. Ule ubao ni wakfu, Yakubu aliachiwa autunze tu. Una jini wake anayekunywa maji ya kuoshea, na tangu zamani hajamdhuru mtu. Lakini haununuliwi. Anayeulipia, jini anaona amelipia kuoshwa, yeye au wa nyumbani mwake. Maji ya kwanza ni ya majani. Ya pili ni matupu.

“Leo inanuka nini?”

“Kali, Mama. Inapanda puani.”

“Ni kafuri. Ile ni maji ya mwisho, nyuma yake ni sanda. Twende.”

Walipofika, maji yalikuwa yameanza kumiminwa, na hapakuwa na mkono wala ndoo. Bibi Amisa akasimama mlangoni, akasoma, akauambia ubao kwamba mtoto huyu hakulipa kitu. Maji yakakatika.

“Jini inauliza nani alilipa,” akanong’ona.

Zéphirin akaingia ndani. Alimpenda yule mtoto kuliko roho yake.

“Ni mimi nililipa,” akasema. “Mutoto aende.”

Akalala kando ya binti yake. Papo hapo Régina akawa mwepesi, mama akamnyanyua, akakohoa, akaomba muhogo. Bibi Amisa alisoma mpaka alasiri, ndipo Zéphirin akaweza kuinuka. Watu wanne wakaurudisha ubao msikitini.

Mzungu alichongewa mwingine. Ukamtupa majini mara mbili, akaacha mchezo, na mji ukacheka wiki nzima.

Lakini kila siku saa saba shati la Zéphirin hulowa mgongoni, kiangazi na masika. Bibi Amisa alishawaambia: ubao umerudi, kilicholipiwa hakijaisha, kinangoja. Basi Anastasie hulinusa shati kabla ya kulianika. Majani mabichi. Miaka minane sasa, Régina amekuwa msichana wa kumshinda mama kwa urefu, na shati ni majani tu. Anastasie alifika mahali pa kuipenda harufu ile.

Jana lilikuwa limelowa kama kawaida, akalinusa. Akalinusa tena. Akamwita Régina naye anuse.

Halikunuka kitu.