Maelezo ya Bomba la Saba

Siwema Chande aliandika amri ileile kwa mara ya tano, akabonyeza kitufe kama anayetaka kukivunja. Kigeuzi kikaamka. Hakikuwa na picha wala sauti. Kilikuwa programu ya kuamriwa kwa mstari mmoja wa maandishi kwenye skrini nyeusi. Lakini kwa dakika nne tu kilisoma maelezo yote ambayo mafundi wa Tanga Mpya walikuwa wameyaandika ndani ya msimbo wa mitambo ya maji, kikayageuza kuwa miongozo ambayo roboti waliifuata neno kwa neno.

"Kazi imekamilika. Makosa: sifuri."

"Sifuri gani wewe!" Siwema alifoka.

Juzi roboti alifungua bomba la saba la mvuke huku Fundi Kombo yumo ndani ya tangi, akamuunguza miguu yote miwili. Mwongozo haukuwa na onyo lolote. Kombo, kutoka kitandani hospitalini, aliapa kwamba aliliandika. Saa nane mchana bodi ingemnyang'anya leseni kwa uzembe, baada ya miaka thelathini ya kazi, na sasa ilikuwa saa saba na nusu.

Siwema akakisusa Kigeuzi. Akafungua msimbo wenyewe na kuusoma kwa macho yake, kama watu wa zamani. Akalikuta onyo la Kombo.

"Asalaam aleikum wenzangu wa zamu ijayo. Poleni na kazi. Nyumbani hawajambo? Jamani, bomba la saba lisifunguliwe mtu akiwa ndani, kihisi hakimwoni aliyeinama."

Mafundi wote waliandikiana hivyo. Hakuna aliyemwambia mwenzake jambo bila kumjulia hali kwanza. Siwema akafungua kanuni za Kigeuzi. Ya kumi na mbili: aya inayoanza kwa salamu itupwe yote. Aliyeiweka: S. Chande.

Alitamani ardhi ipasuke. Aliikumbuka siku ile, alivyochoshwa na porojo zao.

Akampigia simu mwenyekiti wa bodi.

"Shikamoo, Mama Mwakyoma. Kombo aliliandika lile onyo. Mimi ndiye niliyelifuta."

"Marahaba. Unasema nini wewe, Siwema?"

"Subiri kidogo, mama." Alikuwa amekiuliza Kigeuzi kimetupa aya ngapi kwa kanuni ile. Jibu likatokea: elfu moja mia tatu na saba.

"Mama, zimeni roboti wote. Kuna watu ndani ya matangi sasa hivi."