Francisca Amwambia Mungu Ukweli

Francisca alikuwa hodari wa sala kama watoto wengine walivyo hodari wa mpira. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, alifagia uwanja wa nyumba yao kule Mugoma, wilayani Ngara, huku midomo ikimcheza. Alianza Sala ya Asubuhi mlangoni na kufika Amina kwenye mgomba wa mwisho. Hapo tena alichota maji, akamwosha uso mdogo wake Ntwari, akala kiporo cha ndizi na maharage, kisha akatimua mbio asichelewe kuhesabiwa namba shuleni.

"Mtoto huyu akianza kusali, malaika wenyewe wanahema kumfuata," mama yake, Adelfina, alizoea kumtania.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika mashindano ya katekisimu ya kigango chao, yaani tawi la parokia, alijibu maswali yote bila kusita. Jumuiya ya waumini majirani ilipokutana kila Jumatano jioni, yeye ndiye aliyeombwa kuongoza sala. Hakuwa na majivuno ya kuonekana, ila moyoni alijihesabu kuwa rafiki mkubwa wa Mungu. Na rafiki wa Mungu, aliamini, hapatwi na baya.

Baba yake, Benedicto, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa fundi mwashi. Kila Jumamosi aliacha kazi za watu akaenda kujenga kanisa jipya la kigango kwa kujitolea, kwa sababu lile la zamani, la udongo, lilikuwa limeanza kuinama.

Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, baada ya mvua kubwa, Francisca alikuwa akipanda kilima na birika la uji wa mafundi. Alimwona baba yake juu ya mirunda, ile miti wanayosimamia mafundi, akipanga tofali juu kabisa ya ukuta. Mara mti mmoja ukaalika. Baba akatoweka machoni. Birika likamponyoka Francisca, naye akakimbia. Alimkuta baba amelala chini, jasho linamtiririka, mguu wa kulia umepinda mahali pasipo na goti.

Mafundi walimbeba kwa blanketi hadi barabarani, wakapata pikapu iliyompeleka hospitali. Mama aliondoka naye. Shangazi Deodata, dada yake Baba, akaja kukaa na watoto.

Juma la kwanza Francisca alisali kuliko siku zote. Alirudia kila sala aliyoijua, akazimaliza, akaanza upya. Lakini habari zilizokuja kwa simu zilizidi kuwa mbaya. Mfupa ulikuwa umevunjika mahali pawili, na sasa kidonda kilikuwa kinatoa usaha.

"Daktari anasema wanajaribu dawa nyingine," Shangazi alisema siku ya Jumatatu, simu bado mkononi. "Ikifika Jumamosi bila nafuu, watalazimika kuukata mguu."

Francisca akaanza kujiuliza. Fundi wa mguu mmoja atapandaje mirunda? Nani atawalea? Kesho yake alifagia uwanja midomo imefungwa.

Jumatano jumuiya ilikutana nyumbani kwao, ili kuwafariji. Wanawake walikuwa wamekwishapalilia shamba lao la maharage, na mtu alikuwa ameleta mkungu wa ndizi. Mwenyekiti, mama mmoja mjane aliyeitwa Scolastica, alimgeukia Francisca kama kawaida.

"Mwanangu, tuanzishie sala."

"Siwezi, mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi." Sauti yake ikapanda. "Baba alikuwa akimjengea Mungu nyumba! Hakuwa kwenye pombe, hakuwa kwenye wizi. Alikuwa kanisani! Mungu alikuwa anatazama wapi?"

Watu waliinamisha vichwa. "Francisca! Funga mdomo wako!" Shangazi Deodata alifoka.

"Mwache, Deodata," Scolastica alisema taratibu. Kila mtu pale alijua kwamba mama huyu alimzika mume na binti yake katika mwaka mmoja. "Swali lake ni la haki, ila mimi siwezi kulijibu. Je, mwanangu, umemwuliza Mungu mwenyewe?"

"Mungu haulizwi hivyo."

"Nani kakwambia? Mwaka ule wa msiba wangu nilimwuliza mpaka sauti ikanikauka. Hakunifukuza. Nenda kamwambie. Na usitumie maneno ya kitabu, tumia yako."

Alhamisi, baada ya masomo, Francisca alipanda kilima hadi kwenye lile kanisa. Kuta zilikuwa hazijapauliwa, na wingu lilipita juu yake polepole. Alipiga magoti kwa mazoea, akaanza sala aliyoikariri. Katikati ikamkwama. Akakaa chini, mgongo ukutani.

Ndipo maneno yakaanza kumtoka, tena si kwa Kiswahili cha shule na kanisa bali kwa Kihangaza, lugha ya jikoni kwao, ambayo hakuwahi kuitumia kuzungumza na Mungu. Alimwambia kwamba amekasirika. Alimwambia kwamba anaogopa kumwona baba yake akikaa kigodani siku nzima kama mzee. Alimwambia kwamba zile sala zote alizokuwa akizikimbiza asubuhi, mara nyingi hata hakuzisikiliza mwenyewe. Alilia mpaka kwikwi zikamshika. Mwisho akabaki na neno moja dogo: "Nisaidie. Sijui tena kusali."

Hakusikia sauti yoyote. Mguu wa baba yake ulikuwa bado mashakani. Hata hivyo, alipofuta uso aligundua jambo: mtu hawezi kumfokea asiyekuwepo kwa muda mrefu namna ile. Alikuwa akiongea na Mtu. Alishuka kilima akiwa bado na hofu, lakini hakuwa peke yake na hofu hiyo.

Jumamosi asubuhi yeye na Shangazi Deodata walifika hospitali wakiwa wamebeba hotipoti ya ndizi na maharage. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, anajifuta machozi kwa khanga. Francisca alimkimbilia.

"Mama, wameukata?"

Mama alitikisa kichwa. Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. "Dawa imefanya kazi, mwanangu! Kidonda kinakauka. Daktari ameuangalia sasa hivi. Mguu unabaki!"

Shangazi alipiga kigelegele, muuguzi akamnyamazisha, naye akajiziba mdomo huku mabega yakimtikisika kwa furaha. Francisca aliingia ndani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu." Benedicto alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yaleyale. "Wanasema nitachechemea kidogo. Sijali. Nipe hizo ndizi."

Alipokuwa akila, Francisca alikusanya ujasiri. "Baba, nilimkasirikia Mungu. Nilimfokea kulekule kanisani, kisha nikamwomba anisaidie."

Baba aliacha kutafuna. Francisca akasubiri kukaripiwa.

"Hata mimi," Baba alisema. "Nimelala hapa nikitazama dari, nikamwambia kwamba amenidhulumu. Sijapata kuongea naye sana hivyo maishani mwangu."

"Kwa hiyo ni sala yangu iliyoponya mguu?"

"Sijui, mwanangu. Wauguzi wamesafisha kidonda hiki kila siku, na mama yako hajapumzika. Yote hayo nayashukuru kama mkono wa Mungu." Akamwonyesha kwa kidevu kijana aliyelala kitanda cha pili, shuka imelala bapa mahali ulipopaswa kuwa mguu wake wa kushoto. "Yule ni Danstan. Alipata ajali ya lori karibu na Nyakanazi. Wake ulikatwa. Naye alisali kama sisi. Usije ukadhani Mungu amempenda kidogo kuliko mimi. Yeye ndiye aliyenitia moyo nilipokata tamaa."

Francisca alimtazama Danstan, naye kijana akatabasamu.

"Sikiliza," Baba aliendelea. "Tofali bichi ni zuri kulitazama, limenyooka, lina pembe nne. Likinyeshewa linarudi kuwa tope. Hatulitumii kujenga mpaka lipite kwenye moto wa tanuri. Imani yetu ilikuwa kama hilo bichi. Shida hatuiombi, na haifai kumtakia mtu yeyote. Lakini ikija, usimkimbie Mungu, wala usimdanganye kwa maneno matamu. Mpelekee moyo ulivyo, hata ukiwa umevunjika. Hapo ndipo utakapomjua."

Mama alikaa ukingoni mwa kitanda. "Tumshukuru basi," alisema. "Francisca, unaweza?"

Francisca alifikiri kidogo, kisha akafumba macho. Alianza Baba Yetu, polepole sana, neno kwa neno, na kutoka kitanda cha pili sauti ya Danstan ikamfuatisha.