Upande wa Pili wa Karatasi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi moja. Nilimpelekea Bibi Fumija kidonge chake na glasi ya maji iliyojaa, saa nzima kabla hajala kitu. Mama alitoka mapema kwenda kwenye kiwanda cha jibini, kwa hiyo kidonge cha asubuhi kilikuwa changu, nami nilijivunia kazi hiyo. Cha mchana na cha jioni Bibi alikumbuka mwenyewe.

Bibi aliumwa kibofu cha mkojo kwa miaka mingi. Kila alipopimwa, vijidudu havikuonekana, na bado kilimchoma kama kidonda kilichomwagiwa chumvi. Alikuwa mfumaji wa lesi, kazi ya wanawake wengi wa kisiwa chetu cha Pag, lakini hakuweza kukaa robo saa bila kuweka sindano chini na kukimbilia chooni. Majirani walikuwa na jibu lao. Sisi watu wa kisiwa hiki, hata jino likiuma tunalaumu upepo.

"Ni huo upepo baridi wa bura," jirani yetu Barica alisema kila alipokuja kunywa kahawa. "Na hizo ngazi za mawe! Nimekwambia mara ngapi, Fumija, usikalie jiwe baridi?"

"Wee Barica, hilo jiwe nimelikalia miaka sitini. Leo ndiyo limenichukia?"

Nilipokuwa na miaka tisa, daktari alimwandikia Bibi vidonge vipya. Alimwambia avumilie miezi kadhaa kabla ya kuona nafuu, na karatasi ya maelezo iliyo ndani ya boksi isomwe yote. Herufi zake zilikuwa ndogo mno, basi Bibi akanipa mimi nimsomee. Nilisoma upande wa kwanza: vidonge vitatu kwa siku, maji mengi, tumbo tupu, usiongeze wala usimgawie mtu. Nje wenzangu walikuwa wananiita, "Mirta! Tunakwenda kuogelea, unakuja au huji?" Nikaigeuza karatasi. Upande wa pili ulikuwa umejaa maandishi kutoka juu hadi chini.

"Basi, Bibi. Mengine ni yale yale."

"Kweli?"

"Kweli kabisa." Nikaikunja, nikakimbia.

Wiki iliyofuata ilikuja barua ya kumwita Bibi akapime macho mjini Zadar. Alishangaa sana. "Mimi naumwa huku chini, wao wanataka kunipima macho! Mirta, ile karatasi ilisema chochote kuhusu macho?"

Nilijua sijui. Lakini kusema hivyo ilikuwa sawa na kukiri kwamba nilimdanganya. "Hapana, Bibi," nikajibu. Akaitia barua kwenye droo. Kila daktari alipomuuliza juu ya macho, Bibi alisema anaona vizuri, na hakudanganya, kwa kuwa wakati huo alikuwa anaona.

Vidonge vilimfaa. Ilipofika majira ya baridi alikuwa anakaa saa mbili nzima na lesi yake, akiimba. Miaka mitatu ilipita hivyo, nami nikaisahau kabisa ile karatasi.

Majira ya joto yaliyopita, nikiwa na miaka kumi na miwili, nilianza kuona mambo. Bibi alikuwa akitoka uani kwenye jua kali na kuingia jikoni, anasimama mlangoni, ameshika ukuta. Mwanzoni nilidhani anapumzika. Siku moja alisimama hivyo muda mrefu, kisha akalipiga teke kapu la viazi lililokuwa mbele ya miguu yake.

"Nani kaweka kapu hapa?" alifoka.

"Ni wewe, Bibi. Sasa hivi tu."

Halafu nikaiona lesi. Lesi ya Pag haichorwi kwanza kwenye karatasi. Mfumaji anaitoa kichwani, na macho ndiyo rula yake. Duara alilokuwa akilifuma lilikuwa limepinda, na nyuzi zake zimeachana upande mmoja. Bibi aliona ninavyoitazama, akaifunika kwa kiganja.

"Usimwambie mama yako," alisema polepole.

"Kwa nini, Bibi? Huoni?"

"Naona, ila katikati kama pana ukungu. Nikisema, wataninyang'anya kila kitu, na vidonge pia. Wewe hujui yale maumivu, mjukuu wangu. Ulikuwa mdogo. Nilikuwa nauma taulo ili msinisikie nikilia. Niapie hutasema."

Sikuapa. Nilikwenda chumbani kwake, nikatoa karatasi kwenye boksi jipya, nikasoma upande wa pili. Mambo ya macho yalikuwa humo, hata hayakujificha. Ilisema mgonjwa apimwe macho mara kwa mara, na amwambie daktari mara moja akichelewa kuzoea mwanga hafifu au akipata shida kusoma. Nilikaa sakafuni na karatasi ile, nikajichukia.

Mama aliporudi nilimweleza yote, na la kwangu pia. Hakunigombeza. Alivua kitambaa cha kazini, akakaa, akasema, "Mungu wangu." Ningependa zaidi anichape. Bibi alinigeuzia mgongo.

"Umeniuza, Mirta," alisema, na siku mbili hakupokea glasi mkononi mwangu.

Kule Zadar daktari wa macho, mama mmoja mnene anayeitwa Dakta Neda, alimwonyesha Bibi herufi ukutani. Bibi alikisia, akakosea, akakisia tena. Kisha mabega yake yakalegea.

"Sioni, daktari," alisema. "Tangu mwaka jana sioni."

Dakta Neda alipiga picha za nyuma ya macho. Alizungumza kwa simu na daktari wa kibofu, wakakubaliana vidonge vile visimamishwe na watafute matibabu mengine. Madhara hayo hayawapati wengi, alisema, ndiyo maana wanaotumia dawa hii wanapimwa mapema, wakiwa bado wanaona vizuri.

"Macho yatarudi?" Mama aliuliza.

"Yaliyopotea hayarudi. Tutajitahidi yaliyobaki yasipotee."

Maumivu yalirudi kabla ya mavuno ya zabibu. Matibabu mapya yanayapunguza kiasi, si kama zamani. Lesi ile Bibi alimpa Barica aimalizie, na siku hiyo hakutoka chumbani.

Jumapili moja aliniita dirishani, akanishika kidevu na kunigeuza uso upande huu na ule, akiutafuta pembeni mwa ule ukungu.

"Mimi nilificha kwamba sioni, na hilo kosa ni langu," alisema. "Na wewe kutosoma sikulaumu. Ulikuwa na miaka tisa na wenzako wanakuita. Lakini nilikuuliza, Mirta. Mara mbili nilikuuliza. Ungesema tu 'sijasoma', ningempa Barica anisomee."

Nililia, naye akaniacha nilie.