Klipu ya Fundi Spoki

Kila Jumamosi, kabla jua halijachomoza, mimi na Shangazi hufanya mambo matatu kwa mpangilio uleule: tunanawa uso, tunakunywa chai tukiwa tumesimama, halafu tunabishana. Hatutukanani wala hatununiani. Tunabishana kuhusu klipu.

Shangazi ni mvuvi. Hatumii nyavu, anavua kwa mshipi katika bwawa lililo nyuma ya mtaa wetu. Minyoo pia hatumii. Anachonga vipande vya mti laini viwe na umbo la samaki wadogo, anavipaka rangi, anavitia ndoana tumboni. Samaki mkubwa akikiona kimoja kinapita majini anadhani ni kitoweo, anakidaka, amekwisha. Hicho ndicho chambo cha mti.

Sasa, chambo hicho unakiunganishaje na mshipi? Shangazi hutumia klipu, kiwaya kidogo kinachofunguka na kujifunga kama pini. Anaifunga mwishoni mwa mshipi mara moja asubuhi, halafu siku nzima anabadili vyambo atakavyo: anafungua, anatoa cha kijani, anatia chekundu, anafunga. Mimi nasema klipu ni uvivu. Kiwaya kinang'aa majini, na samaki si vipofu. Funga fundo, mshipi moja kwa moja kwenye chambo, basi!

"Na kila ukibadili chambo unakata mshipi, unafunga upya," Shangazi alisema Jumamosi moja, kikombe mkononi. "Kufika saa nne mshipi wenyewe hautoshi hata kushonea kifungo."

"Mimi nafunga haraka."

"Najua unafunga haraka. Hata kusema unasema haraka."

"Hesabu mpaka kumi uone kama sijamaliza!"

"Boti ni yangu, vyambo ni vyangu, na hiyo chai nimepika mimi. Tunatumia klipu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Kusikia nilisikia. Kukubali, ng'o!

Klipu zenyewe zilitengenezwa na Fundi Spoki, fundi wa baiskeli, baba wa rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Alizikunja kwa koleo, moja moja, kutoka kwenye waya mgumu wa chuma. Siku hizi kila mtu ana pikipiki, na baiskeli zinazopelekwa kwake ni za kuhesabu. Klipu ndizo zilizokuwa zinamlisha yeye na binti yake. Hilo nililijua vizuri. Nalisema mapema ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Tulipofika katikati ya bwawa, Shangazi alinipa ufito wenye chambo chake chekundu. Alikichonga kwa jioni mbili, na hapendi hata kishikwe na mikono michafu. Akanipa mgongo, akaenda mbele ya boti kurusha mshipi wake upande wa majani. Moyo ukaniambia: sasa! Nikaikata klipu kutoka kwenye mshipi, nikaitia mfukoni, nikafunga fundo langu kwenye chambo. Vidole vilikuwa kwenye mshipi, macho yalikuwa mgongoni kwa Shangazi. Nikavuta fundo likakaza.

Samaki alikuja mrusho wa tatu. Loo! Ufito ulipinda mpaka ncha ikagusa maji.

"Shangazi! Shangazi!"

"Usimkazie! Mwache aende kwanza!" alisema, huku akiukusanya mshipi wake harakaharaka usije ukanaswa na wangu.

Nilimwachia, nikamrudisha, nikamwachia tena. Nilimwona ubavu, mpana kama sinia. Halafu mshipi ukalegea. Niliuvuta wote mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa mtupu. Samaki hayupo, chambo chekundu hakipo.

Shangazi alikuwa bado amenipa mgongo. Nilichofanya hapo nakisimulia kwa aibu, lakini nakisimulia. Nilitoa ile klipu mfukoni, nikaipanua mdomo kwa kucha, nikaifunga mwishoni mwa mshipi. Ningehesabiwa, hata kumi isingefika.

Shangazi akaja. Akaushika mshipi, akaiona klipu imeachama.

"Klipu imefunguka," nikasema, macho makavu. "Si nilikwambia?"

Mchana ule Shangazi aliwasimulia wavuvi wenzake ufukweni, akiwaonyesha klipu ile. Kisha akaenda karakana kwa Fundi Spoki, mimi nikimfuata nyuma kwa sababu hakuniruhusu kubaki.

"Fundi, kazi gani hii?" aliuliza kwa sauti, na watu waliokuwa wakipita wakasimama. "Nimepoteza chambo changu kizuri kuliko vyote, na samaki ambaye mfano wake sijauona mwaka mzima!"

Fundi Spoki aliigeuza klipu kiganjani. Alikuwa mtu mpole, mikono yake imejaa makovu ya minyororo ya baiskeli.

"Mama, sina la kusema," alijibu. "Kama imefunguka, imefunguka. Nisamehe."

Mimi nilikuwa naangalia gurudumu ukutani. Kufika Jumatatu, wavuvi saba walikuwa wamerudisha klipu zao.

Darasani, binti wa Fundi alihamisha daftari lake mpaka ukingoni mwa dawati.

"Klipu za baba hazifunguki," alisema.

"Hiyo ilifunguka."

"Uliona ikifunguka?"

"Kwenye boti alikuwa nani, wewe au mimi?"

"Basi njoo karakana Jumamosi. Njoo na shangazi yako. Tutaning'iniza ndoo ya maji kwenye klipu. Ikifunguka, nitasema mbele ya watu kwamba baba yangu hajui kazi. Isipofunguka, wewe utasema nini?"

Mimi, ambaye kila mtu mtaani anajua sikosi jibu, nilianza kuchonga penseli ambayo tayari ilikuwa na ncha.

"Nitakuja," nikasema, nikainua kidevu kana kwamba sijali.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mara mbili nilifungua mdomo mbele ya Shangazi nimwambie, na mara mbili nikaishia kuomba chumvi.

Jumamosi karakana ilijaa wavuvi. Binti wa Fundi alikuwa amefunga mshipi kwenye boriti, mwishoni ukiwa na klipu, na kwenye klipu amening'iniza ndoo. Akaanza kumimina maji jagi kwa jagi, meno yameumana. Ndoo ikafika nusu. Ikajaa mpaka ukingoni. Akaishika akaitikisa kwa nguvu zake zote, maji yakamlowesha miguu. Klipu haikujali.

Akanigeukia. "Haya. Sema."

Kabla sijasema, mvuvi mmoja mnene akakohoa. "Ndoo si samaki, binti. Ndoo haina hasira." Watu wakacheka. "Halafu hiyo ni moja uliyochagua mwenyewe. Ile ya kwenye boti ilifunguka. Sote tumeiona."

"Kweli kabisa," wengine wakaitikia.

Fundi Spoki akainuka. Alichukua kopo la klipu zilizorudishwa, akachukua koleo, akaanza kuzinyoosha moja baada ya nyingine mpaka zikawa waya tena.

"Basi, jamani," alisema. "Sitaki samaki wa mtu apotee kwa ajili yangu. Nitaendelea na baiskeli zangu."

Baiskeli zipi? Nilitazama karakana nzima. Ilikuwepo baiskeli moja tu, na ilikuwa yake mwenyewe.

"Acha!" nilipiga kelele.

Watu wote wakageuka. Kumpigia mtu mzima kelele ni utovu wa adabu, najua, lakini ningenong'ona, sauti isingetoka kabisa.

"Acha, Fundi, tafadhali. Klipu haikufunguka. Niliifungua mimi. Niliitoa Shangazi alipogeuka, nikafunga fundo langu, na fundo langu ndilo lililoachia. Halafu nikairudisha klipu ili ionekane ndiyo iliyoharibu. Ni uongo wangu, wote. Anayetaka kucheka, acheke!"

Hakuna aliyecheka. Nilianza kulia, na nilikasirika kwamba nalia, kwa hiyo nikalia zaidi.

Binti wa Fundi alikuwa ananitazama kama mtu asiyenifahamu. Hilo liliniuma kuliko yote.

Fundi Spoki aliweka koleo chini. Nilingoja anifokee. Badala yake akaniuliza taratibu, "Ulipokaza fundo, ulililowesha kwanza?"

"Hapana."

"Na unajua kwamba linaloweshwa?"

Najua sana! Shangazi hakazi fundo lolote bila kulichovya majini au kulitia mate. Nailoni ya mshipi ikisuguana ikiwa kavu hupata moto, ikachoka palepale, hata kama kwa macho huoni kitu.

"Nilikuwa na haraka," nikasema. "Shangazi angegeuka."

"Kumbe hata fundo lenyewe halina kosa," alisema Fundi.

Shangazi hakunitazama. Alimwendea Fundi Spoki kwanza, mbele ya wale wale waliomsikia akilalamika wiki iliyopita.

"Fundi, nisamehe. Nilikuja hapa na kiwaya mkononi nikakuaibisha hadharani, na sikuuliza hata swali moja. Mimi ni mtu mzima, nilipaswa kuuliza." Kisha akawageukia wavuvi. "Na nyinyi mlinifuata mimi. Sasa nifuateni tena. Mimi narudia kutumia klipu za Fundi."

Halafu zamu yangu ikafika.

"Leo utakwenda nyumba zote saba zilizorudisha klipu," alisema. "Hata za hawa waliopo hapa, kwa sababu wake zao na watoto wao hawapo. Hutasema 'klipu ni nzima.' Utasema 'nilidanganya.'"

"Zote saba?"

"Zote. Na Jumamosi tatu zijazo utakuwa hapa unamsaidia Fundi kuzikunja hizi alizozinyoosha."

Nilifuta uso kwa mkono wa shati. Hapo nilipaswa kunyamaza; mtu mwingine yeyote angenyamaza.

"Sawa, Shangazi. Lakini kwa samaki mkubwa fundo bado ni bora. Likiloweshwa."

"Mtoto huyu!" alisema yule mvuvi mnene.

Shangazi alifumba macho, na nadhani alikuwa anazuia kicheko, ingawa alipoyafumbua hakikuwepo.

"Huenda ni kweli," alisema. "Kwa anayebadili chambo mara ishirini kama mimi, klipu. Kwa anayeshika chambo kimoja na kumngoja samaki mmoja mkubwa, huenda fundo. Ungenibana kwa hoja hiyo, siku moja ungenishinda, nami ningekwambia ujaribu. Sikiliza, mwanangu. Sijawahi kukukataza kubisha. Ukinibishia usoni naweza kukujibu, na naweza hata kushindwa. Lakini safari hii ulibisha nikiwa nimekupa mgongo. Kwa kuwa ulikuwa unajificha, kazi uliyoiweza ukaiharibu. Kwa kuwa umeiharibu, ukaificha tena, na mtu asiye na hatia akabeba mzigo wako. Bishana nami mchana kweupe mpaka sauti ikukauke. Na ukikosea, sema umekosea kwa sauti ileile."

Tulitoka mimi na binti wa Fundi, yeye amebeba kopo la klipu zilizobaki, tuwarudishie wenyewe. Alitembea hatua mbili mbele yangu. Kwenye mlango wa kwanza nilisimama.

"Usiseme haraka," alisema, bila kunitazama. "Sema wasikie."

Nikapiga hodi. Akatoka mama mmoja na mtoto mgongoni, na nyuma yake wengine watatu wakichungulia kujua kuna nini. Sikuangalia chini.

"Shikamoo, Mama," nikasema. "Nilidanganya."