Kilomita Sitini za Mkunga

"Mama, shuka kwenye hiyo baiskeli. Watu wanatuangalia."

Mwalimu alisema hivyo akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, mbele ya lango la zahanati, saa moja kasoro robo asubuhi. Wajawazito waliokuwa kwenye benchi waliacha kuongea. Mama yake, mkunga wa zahanati ile kwa miaka ishirini na sita, alikuwa bado amekaa juu ya kiti, mguu mmoja chini, kofia ngumu kichwani, jasho likimtiririka hadi shingoni.

"Waache waangalie," Mkunga akamjibu. "Hapo wapo niliowapokea wakizaliwa, na sasa nasubiri kupokea watoto wao. Nitawaonea aibu ipi?"

Benchi zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Aliuachia usukani, akaenda zake shuleni bila kuaga.

Mkunga alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mjane wa mwaka wa tisa. Huyo binti yake mkubwa alikuwa amerudi kuishi naye baada ya ndoa yake kuvunjika, na tangu arudi alijipa kazi ya kuamua nani abishe hodi na nani asibishe. Kilichomkera hasa hakikuwa baiskeli. Kilichomkera ni mwanamume aliyekuja nayo.

Watu walimwita Bwana Posta. Alikuwa amepeleka barua kwa baiskeli katika vijiji vya pwani kwa miaka thelathini, mpaka barua zenyewe zikaisha. Chama cha waendesha baiskeli kilipotaka njia nzuri ya kuwapitisha wageni, kilimfuata yeye. Akawapangia kilomita sitini: unaanzia kituo cha mafuta karibu na zahanati, unapita katikati ya minazi, unapanda miamba inayotazama bahari, unateremka hadi mabwawa ya chumvi, unavuka daraja la mikoko, kisha unapambana na kilima kimoja kirefu kabla ya kufika kwenye mnara wa taa.

Katika kuipima njia hiyo aliteleza kwenye changarawe, akaletwa zahanati goti likivuja damu. Aliyekuwa zamu ni Mkunga. Alimsafisha kidonda huku akimwuliza mtu mzima kama yeye anakimbilia wapi. Bwana Posta akasema ni vigumu kueleza, labda aje aone.

Akaja. Jumamosi ya kwanza alisukuma baiskeli kila kilipotokea kilima, akitukana kimoyomoyo. Ya tano hakushuka hata mara moja. Bwana Posta alimfundisha kubadilisha gia kabla ya mlima badala ya katikati yake, na kuziba tyubu kwa mikono yake mwenyewe. Bwana Posta aliandika kona na mashimo kwenye daftari. Mkunga alipunga mkono kila kijiji, maana kila kijiji kilikuwa na mtoto aliyempokea. Nyumbani alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, na usingizi wake ulikuwa wa kitoto.

Jumamosi iliyotangulia ile asubuhi ya lango, wakiwa wamekaa juu ya miamba wakimenya machungwa, Bwana Posta alisema, kwa sauti ileile ya kusoma anwani, "Nataka kukuoa. Maneno mengine sina."

Mkunga aliomba wiki moja. Wakakubaliana kwamba Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakutane kituo cha mafuta, yeye na jibu lake. Wageni wa chama walikuwa wanakuja wiki ya pili yake, kwa hiyo siku hiyo wangepita njia nzima wakichora mishale ya rangi nyeupe barabarani.

Jibu alikuwa nalo tangu ganda la chungwa halijaanguka chini. Wiki aliiomba kwa ajili ya binti yake. Alimweleza Alhamisi, wakiwa wanaosha vyombo. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akasema kama mama ameamua basi ameamua. Mkunga akalala amefurahi.

Jumamosi alifika kituo cha mafuta kabla ya wakati. Ikafika saa moja. Ikafika saa moja na nusu. Alipiga simu mara nne, na mara zote sauti ya kike ilimwambia mtu anayempigia hapatikani. Mhudumu wa mafuta ndiye aliyemwonea huruma. Alimwambia Bwana Posta alipita saa kumi na moja na nusu, peke yake, ndoo ya rangi imefungwa nyuma, na hakusalimia mtu.

Mkunga alisimama pale akitazama lami. Mshale wa kwanza ulikuwa umechorwa hatua kumi mbele yake. Akaugusa kwa kidole, kidole kikatoka cheupe.

Angeweza kurudi nyumbani. Hajawahi kwenda kilomita sitini peke yake, na njia ya mabwawa ya chumvi haina kivuli. Lakini alikuwa amekasirika, na hasira yake haikuwa ya kukaa sebuleni. Alikaza mkanda wa kofia akafuata mishale.

Kwenye minazi alikwenda kasi kuliko siku zote. Juu ya miamba upepo wa bahari ulimsukuma upande, akainama na kuendelea. Karibu na mabwawa ya chumvi tairi la nyuma likapasuka. Aliipindua baiskeli kando ya barabara, akatoa tyubu, akaweka kiraka, akapiga pampu mpaka mabega yakawaka. Mchota chumvi mmoja alimwuliza kama amsaidie. Akamwambia asante, amsaidie kwa kumwambia tu mchora mishale amepita saa ngapi. Mchota chumvi akasema si muda mrefu, na kwamba mzee yule alikuwa kama mtu aliyefiwa.

Alimkuta katikati ya kilima kirefu, amepiga magoti, brashi mkononi. Bwana Posta alisikia mnyororo, akageuka, na brashi ikaanguka.

"Umeniacha kituoni," Mkunga alisema. Pumzi ilikuwa fupi lakini hakushuka.

"Wewe ndiye uliyeniacha. Jana."

Akawasha simu yake aliyoizima tangu jana, akampa. Ujumbe ulitoka kwenye namba ya Mkunga, saa mbili usiku, muda ambao yeye huwa anaoga: *Ndugu, nimetafakari. Nimeona tusionane tena. Usinipigie wala usinisubiri. Nakutakia kila la heri.*

Mkunga aliusoma mara mbili. Kila nukta mahali pake, kila herufi kubwa mahali pake. Yeye huandika ujumbe kama maagizo ya dawa, maneno matatu basi. Hakuhitaji kuuliza ni nani.

"Huyu ni mwanangu," alisema. "Kachukua simu yangu. Mimi sijaandika hata herufi moja hapa."

Bwana Posta alikaa chini kwenye majani.

"Lakini na wewe nina neno nawe," Mkunga akaendelea. "Miaka thelathini umebeba barua za watu. Umepokea moja ya kwako, ukaikubali hivihivi, bila hata kuuliza?"

"Kazi yangu ilikuwa kufikisha. Haikuwa kubisha."

"Basi jifunze kubisha. Mimi siolewi na mtu anayekubali kuachwa kwa simu."

Bwana Posta ndipo akaelewa alichosikia. "Kwa hiyo unaolewa?"

"Okota brashi. Mnara bado uko mbali."

Walichora mishale iliyobaki pamoja. Ya Mkunga ilikuwa imepinda kidogo, akakataa irekebishwe.

Alasiri alimkuta Mwalimu mezani akisahihisha madaftari. Aliweka simu ya Bwana Posta, aliyoiazima, juu ya daftari lililokuwa wazi, ule ujumbe ukionekana. Mwalimu hakujaribu kukana. Alisema watoto darasani wanamwigiza mama yake akipanda baiskeli. Alisema kila akisikia jina la yule mzee anaona kama baba anazikwa mara ya pili.

"Baba yako nilimuuguza miaka miwili," Mkunga alisema. "Nilimgeuza kitandani usiku na mchana, na nilimpenda mpaka siku ya mwisho. Sina deni naye. Na wewe nimekuzaa uwe mwanangu. Sikukuzaa uwe mama mkwe wangu."

Mwalimu alianza kulia. Mkunga alimpa kitambaa, lakini hakulainisha sauti.

"Mwezi ujao naolewa, kwa msajili, na nakwenda kwa baiskeli. Ukija nitafurahi. Usipokuja nitaumia, na nitaolewa hivyohivyo."

Kwa wiki nne waliishi nyumba moja wakisalimiana kama wapangaji.

Siku ilipofika, chama cha waendesha baiskeli kiliwasindikiza bibi na bwana hadi ofisi ya msajili, kengele zikilia mtaa mzima. Mkunga alivaa gauni la bluu aliloshonewa fupi kidogo, lisije likanaswa na mnyororo. Kalamu ilikuwa tayari mezani wakati msajili alipomtaka shahidi wa pili, na nesi aliyeahidi alikuwa amenaswa zahanati na uchungu wa mtu.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu aliingia na nguo zake za kazi, chaki bado mkononi. Alimsalimia Bwana Posta shikamoo, kwa sauti ndogo, kisha akasimama kando ya mama yake.

"Bado sijakubali, mama," alisema. "Nimekuja tu."

"Inatosha," Mkunga akamjibu, akimsogezea kalamu. "Weka sahihi."